Barua ya wazi kwa wanaokuja kutupima damu

Ndugu watafiti, wauguzi wa miradi, mafundi wa maabara, na ninyi wajumbe wa kamati za maadili mnaopitisha tafiti kabla hazijafika kwetu,



Oktoba 2016 watu watatu waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Wawili walikuwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Wa tatu alikuwa dereva wao. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Hawakuwa na shida na damu ya mtu yeyote. Ikapigwa yowe kwamba wanyonya damu wameingia kijijini, umati ukakusanyika, ukawaua na kuwachoma moto pamoja na gari lao. Wahenga walituachia kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile walikuwapo wengi, na liliharibika.

Baada ya hapo neno nililolisikia zaidi, redioni na vijiweni, lilikuwa moja: ujinga. Watu hawajasoma, wapewe elimu. Nimelisikia tena kila panapotokea mtafaruku wa chanjo, kila timu ya afya inapofukuzwa kwa mawe, kila mama anapomficha mtoto chini ya kitanda siku ya kupimwa. Nawaandikia kwa sababu silikubali neno hilo, na kwa sababu naamini linawaponza ninyi wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Wauaji siwatetei. Aliyeshika panga anajua alichofanya, na mahali pake ni mahakamani. Lakini panga lilikuja mwisho. Kabla ya panga palikuwa na hadithi, na kabla ya hadithi palikuwa na swali ambalo watu walikaa nalo miaka mingi bila kujibiwa: damu yetu mnaipeleka wapi?

Nimekulia pwani, na mumiani nilimjua kabla sijajua kusoma. Tuliambiwa tusizurure jua likizama, kwa kuwa wapo watu wanaokamata watu, wanawanyonya damu, na damu hiyo inakwenda kutengenezewa dawa. Wenzetu wa Nairobi na Uganda waliwaita wazimamoto. Zambia waliwaita banyama. Magharibi mwa Kenya, miaka ya karibuni, waliitwa kachinja, na waliohisiwa ukachinja walikuwa watu wa utafiti wa tiba. Haya si masimulizi ya kutishia watoto peke yake. Mombasa mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya hadithi hii. Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959, askari polisi aliuawa katika ghasia za mumiani, miaka miwili tu kabla ya uhuru.

Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi kutoka Kenya, Uganda na kwingineko, akazitolea kitabu mwaka 2000. Wakati wengine waliziita ushirikina, yeye aliuliza zinazungumzia nini. Akakuta zinazungumzia mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao: magari yasiyoonyesha kilichomo ndani, wafanyakazi Waafrika walioajiriwa kazi za usiku wasizoweza kuzieleza hata kwa wake zao, maofisa waliokuja na sindano. Serikali za kikoloni zilipopambana na malale zilichoma watu tezi za shingo na uti wa mgongo, na wakati mwingine zilihamisha vijiji vizima. Nani alimweleza mwanakijiji wa mwaka 1930 kwa nini anatobolewa mgongo? Alichokiona ni kwamba mtu mwenye mamlaka amemwamuru ainame, akamtoa maji mwilini, akayafunga ndani ya kichupa na kuondoka nayo. Mumiani ndiyo maelezo aliyojipa mwenyewe. Hayakuwa maelezo sahihi, lakini hakuwa na mengine.

Tusidhani hayo yaliisha na ukoloni. Malawi ilipokumbwa na njaa mwaka 2002, ulienea uvumi kwamba serikali inashirikiana na wageni kukusanya damu za raia ili ipewe chakula. Rais Bakili Muluzi alisimama hadharani kukanusha. Mwaka 2017 uvumi ukarudi kusini mwa nchi hiyo, upande wa Mulanje na Phalombe; watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia, serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya hizo kwa muda. Hebu utazameni uvumi ule wa 2002 kwa makini. Njaa ilikuwa kweli. Msaada wa nje ulikuwa kweli. Kwamba wakubwa walikuwa wakizungumza na wageni juu ya chakula, nalo lilikuwa kweli, na mwananchi hakujua wanapatana nini. Katika hadithi nzima kilichoongezwa ni damu, na damu ni kitu cha mwisho alichobaki nacho mtu asiye na chochote.

Mwaka uleule wa ghasia za Mombasa, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walitoa kitabu kuhusu uvumi. Hoja yao ni fupi na mimi naiona bado ina nguvu. Walisema uvumi unapata nguvu kwa mambo mawili: uzito wa jambo kwa wanaolisikia, na giza la habari juu ya jambo hilo. Tena mambo hayo yanazidishana, hayajumlishani. Moja likiwa sifuri, hapana uvumi. Sasa, ndugu zangu, damu haitakuwa na uzito wa sifuri hata siku moja. Kwetu damu ni ukoo, ni uhai, ni kiapo. Mchanjiano ulifunga undugu kwa damu. Mtoto wa mtu hatakuwa na uzito wa sifuri. Basi uzito hamuwezi kuupunguza, na wala msijaribu. Lililo mikononi mwenu ni giza.

Giza hilo mnaliongeza bila kukusudia, na nitataja mfano ambao sijaona ukizungumzwa. Ninyi huchagua kaya kwa bahati nasibu. Kompyuta inatoa namba, namba inaangukia nyumba ya mzee fulani, na jirani zake wa kushoto na kulia wanaachwa. Kwenu huo ndio uaminifu wenyewe: hakuna aliyependelewa, hakuna aliyeonewa. Kwa mzee yule ni jambo jingine kabisa. Mnapita nyumba kumi, mnasimama mlangoni pake, mnataka damu ya mjukuu wake. Anauliza, "Kwa nini sisi?" Mnamjibu, "Imetokea tu." Hakuna mtu duniani anayeridhika na jibu hilo linapohusu mtoto wake.

Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard aliliandika jambo hili mwaka 1937 katika kitabu chake juu ya kabila la Wazande. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua vizuri kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo, hawahitaji kufundishwa. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile ile walipokuwapo watu wale wale. Swali la kwanza linajibiwa na mchwa. Swali la pili sayansi hulijibu kwa neno "bahati", na akili ya binadamu hulikataa neno hilo, iwe ya Mzande, ya profesa wa Uingereza au ya muuguzi aliyefiwa na mwanawe. Sote tunatafuta mkono nyuma ya tukio. Ndivyo tulivyo. Anayedhani ameepukana nalo kwa sababu ana shahada, amtazame msomi mwenzake siku anaponyimwa cheo, asikilize atakavyopanga njama nzima ya waliomhujumu.

Kwa hiyo mkija na bahati nasibu, ielezeni kabla hamjaitumia. Pigeni kura mbele ya mkutano wa kijiji, karatasi ndani ya kofia, mtoto wa shule achague. Watu wakiona kwa macho yao namba ya nyumba ya mwenyekiti nayo ikitoka, hapo "imetokea tu" itakuwa jibu.

Mnaamini pia, nadhani, kwamba hadithi ndiyo inayoleta hofu, na kwamba mkiiua hadithi hofu itakwisha. Mimi nadhani mambo yanakwenda kinyume chake. Tetemeko kubwa la Bihar, India, la tarehe 15 Januari 1934, lilisikika hadi maeneo ambayo hayakuharibiwa. Mwanasaikolojia Jamuna Prasad alikusanya uvumi uliozagaa huko, na ulikuwa wa kutisha: litakuja tetemeko jingine, mafuriko yanakuja, maafa makubwa zaidi yako njiani. Mwanasaikolojia mwingine, Leon Festinger, aliishangaa habari hiyo. Kwa nini watu walionusurika wajitungie vitisho? Jibu lake lilikuwa kwamba watu wale tayari walikuwa na hofu. Ardhi ilitikisika, mwili ukaogopa, na hawakuona uharibifu wa kuistahili hofu hiyo. Uvumi uliwapa sababu. Hofu ilitangulia, hadithi ikafuata.

Mkilielewa hilo mtaacha kushangaa kwa nini kukanusha hakusaidii. Mnafuta hadithi, hofu inabaki pale pale, kesho inajipatia hadithi nyingine. Na kila mnapokanusha mnaitaja upya. Utafiti wa mwaka 1977 wa Lynn Hasher na wenzake ulionyesha kwamba sentensi iliyosikiwa mara kadhaa huonekana ya kweli zaidi kuliko mpya, hata kama haina ushahidi wowote. Sisi tulikuwa na msemo tayari: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Gari lenye kipaza sauti linalopita mitaani likitangaza "si kweli kwamba tunanyonya damu" limefikisha maneno "tunanyonya damu" katika nyumba ambazo hazikuwa zimeyasikia.

Tena pimeni hesabu anayoipiga mama. Akiwakimbia nanyi ni watu wema, amepoteza nini? Vitamini, chandarua, kipimo cha bure. Akibaki nanyi ni watu wabaya, amepoteza mtoto. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye akili timamu atakimbia hata kama anaamini kwa robo tu. Wengi wanaokimbia hawaamini kikamilifu. Wanaogopa kukosea upande ule usio na marekebisho.

Ruhusuni sasa niwapeleke Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, kwa sababu huko mambo yote haya yalikutana. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliofariki 2,287. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Dawa zilizofanya kazi zilijulikana katikati ya janga hilo hilo. Hata hivyo vituo vya matibabu vilichomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali ya Butembo. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu 961 wa Beni na Butembo: takribani mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Katika utafiti huo huo, ni kiasi cha mmoja tu kati ya watatu aliyeamini kwamba viongozi wa mahali pake wanajali maslahi yake.

Mtu aliye mbali anaweza kusema: wanakufa nao wanakana ugonjwa, kuna ujinga zaidi ya huu? Lakini simama ulipo, utazame. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na makundi yenye silaha, kwa mamia, na dunia haikuja. Ebola ikaja, na magari yakaja mamia, na hoteli zikajaa, na fedha zikamwagika. Wakauliza: tulipokufa kwa mapanga mlikuwa wapi? Halafu, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi Machi, sababu ikiwa Ebola na usalama. Makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi, shule zilikuwa wazi. Rais mpya aliapishwa Januari. Kura zao zilibaki za nini? Waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola cha Beni siku iliyofuata tangazo. Watu wakasema Ebola ni biashara, Ebola ni siasa.

Virusi vilikuwa kweli, na waliovikana walivikana kwa gharama ya roho zao na za watoto wao. Silifichi hilo. Lakini kwamba Ebola ilitumiwa kisiasa, hilo halikuwa ndoto yao. Kwamba kulikuwa na waliofaidi, hilo nalo halikuwa ndoto: Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa taarifa juu ya wafanyakazi wa mapambano yale waliowadhulumu wanawake kingono, wengi wao kwa kuwaahidi ajira. Watuhumiwa walikuwa zaidi ya 80, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Mwanamke wa Beni aliyesema "hawa hawakuja kututibu" alikosea kuhusu wengi waliokuja. Kuhusu mtu aliyemjia yeye, hakukosea.

Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo ninapowaomba msinikimbie. Njama zipo duniani. Anayewaambia watu kwamba hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyewahi kuwadanganya wagonjwa wake, naye anaeneza habari za uongo. Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribishia watoto dawa ya Trovan. Familia zikadai hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 katika mapatano na serikali ya jimbo. Katikati ya miaka hiyo, 2003, Kano ilisimamisha chanjo ya polio kwa karibu mwaka mzima kwa uvumi kwamba inaharibu uzazi. Virusi vya kaskazini mwa Nigeria vilisambaa nchi nyingi, vikafika hadi Indonesia. Uvumi wa polio ulikuwa uongo. Ulipanda juu ya mgongo wa malalamiko yaliyokuwa na msingi.

Mkitaka mfano wa damu yenyewe, Wahavasupai wa Arizona, Marekani, walitoa damu yao kwa watafiti wa chuo kikuu wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Miaka ikapita, wakaja kugundua damu hiyo imetumiwa kuchunguza maradhi ya akili, ndoa za ndugu kwa ndugu, na asili ya ukoo wao, mambo ambayo hawakuyaridhia na yaliyokwenda kinyume na imani yao. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Wahavasupai hao hawakuwa na gazeti la njama wala redio ya uzushi. Walikuwa na fomu ya ridhaa.

Na ninyi je? Timu ilikuja kijijini kwetu, nami nilikuwapo. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu walitobolewa vidole, wengine walitolewa damu mkononi. Wazazi walipewa sabuni na nauli. Waliambiwa majibu yataletwa. Mradi ukaisha, watu wa mradi wakaondoka, majibu hayakuja. Mwalimu mkuu aliulizwa na wazazi hadi akachoka. Siutaji mradi ule kwa sababu si peke yake. Ongeeni na mwenyekiti yeyote wa kitongoji mahali ambapo tafiti zimepita, atawasimulia wa kwake. Mara ya pili timu nyingine ilipokuja, nusu ya watoto hawakuonekana shuleni. Kwenye ripoti ya timu ile bila shaka imeandikwa kwamba jamii ilikuwa na imani potofu.

Naomba mjiulize nani aliipanda.

Kuna waliolitambua hili mapema. Kituo cha utafiti wa tiba cha Kilifi, cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wake, kipo pale tangu 1989, na kwa miaka mingi kilisemwa kwamba kinanunua damu, kwamba ni cha washetani. Hakikutosheka na matangazo. Kiliweka wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii wenyewe, wanaokutana na watafiti na kuwauliza maswali magumu, na kilijifunza kueleza kiasi cha damu kwa vijiko vya chai. Uvumi haukwisha wote. Lakini leo mtu wa Kilifi mwenye shaka anajua amwendee nani.

Hicho kijiko kinanirudisha kwenye kazi yenu ya kila siku. Kichupa cha kawaida cha maabara kina mililita tano hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana kama lita tano za damu. Mnachukua sehemu moja kati ya elfu, na mwili unairudisha upesi. Jambo hili dogo mngelionyesha kwa maji na kijiko mbele ya mkutano, lingefanya kazi kuliko kurasa nane za fomu ya ridhaa ambazo hata aliyezitafsiri hawezi kuzisoma kwa sauti bila kukwama. Onyesheni pia kisanduku cha barafu kikiwa wazi. Semeni damu inakwenda mji gani, maabara gani, itakaa muda gani, ikiisha kazi inateketezwa au inahifadhiwa. Kama damu inavuka mpaka, semeni inavuka. Watu watajua tu, na wakijua kwa njia nyingine, yote mliyoyasema kabla yatageuka uongo, hata yaliyokuwa kweli.

Ingieni mchana. Ingieni na mtu anayejulikana, na asiwe mtendaji wa kijiji peke yake, kwa kuwa pengine huyo ndiye watu wanayemshuku. Mkunga, mwalimu wa madrasa, mama mchungaji, mwenye duka ambaye kila mtu anamdai au anadaiwa naye. Mwacheni mtu mkali kuliko wote aulize swali baya kuliko yote, hadharani, na mjibu bila kutabasamu. Mkimwambia asiyejua maana haambiwi maana, mmekwisha. Na mtu akisema hapana, iwe hapana. Ridhaa ambayo haiwezi kukataliwa ndiyo amri ile ile ya mwaka 1930.

Msiache pia kusimulia mema, kwa sababu yapo na ni makubwa. Mwaka 1995 Ebola iliua watu wengi mjini Kikwit, Kongo. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya waliopona, saba wakaishi. Miaka kumi na moja baadaye mmoja wa manusura wa Kikwit alitolewa damu tena. Damu hiyo ilisafirishwa Marekani, na ndani yake zikapatikana chembe za kinga zilizozaa dawa iitwayo mAb114. Katika majaribio yaliyofanyika Kongo, ikawa moja kati ya dawa mbili zilizookoa watu wa Beni na Butembo, na Desemba 2020 ikaidhinishwa rasmi Marekani. Kwa hiyo ni kweli: damu ya Mwafrika ilichukuliwa, ikapelekwa ng'ambo, ikatengenezewa dawa. Mumiani wa utotoni mwangu alikuwa akisema maneno hayo hayo. Tofauti ni kwamba huyu wa Kikwit hakuuawa, na dawa ilirudi kwao. Isimulieni habari hii kwa ukamilifu wake, pamoja na swali la nani ananufaika na mauzo, kwa kuwa mtu atakayeisikia kwanza nusu nusu kutoka kwa mzushi hatawasikiliza tena.

Vilevile watoto wa Korogwe, Bagamoyo, Kilifi na Siaya walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000 walioshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Watoto wale sasa ni vijana. Je, wangapi kati yao wamewahi kuitwa na kuambiwa: hii hapa chanjo ya kwanza ya malaria duniani, na wewe ulikuwamo?

Ninyi wa kamati za maadili, neno langu kwenu ni moja. Mnao uwezo ambao mwanakijiji hana: mnaweza kukataa. Mradi usio na fedha za kurudi kijijini kutoa majibu, zilizoandikwa kwenye bajeti pamoja na tarehe na jina la atakayekwenda, usipite. Leo mnauliza watafiti wataingiaje. Waulizeni pia watatokaje. Kabla ya kumpa mtafiti kibali cha pili, mtakeni barua ya mkutano wa kijiji cha kwanza kwamba alirudi. Hilo moja lingewalinda wauguzi na madereva wenu kuliko askari mnaowapa wawasindikize, maana anayekuja kupima afya akiwa na bunduki nyuma yake ameshajibu swali la watu kwa namna mbaya kuliko zote.

Na ninyi mlio na madaftari ya zamani kabatini, yenye majina ya vijiji mlivyopita na hamkurudi: vitazameni. Chagueni kimoja mwaka huu. Nendeni na majibu, hata kama ni ya miaka mingi, hata kama ni machache, hata kama mnaona aibu. Ombeni mkutano, semeni tulichukua hiki, tukakipeleka pale, tukagundua hivi, na tuliwaahidi tukachelewa. Mtaulizwa maswali mengi, mengine kwa hasira. Kaeni hadi la mwisho lijibiwe.

Wasalaam,
Mzazi na mwandishi, mwana wa pwani